Kupeleka ombi la habeas corpus katika mahakama ya shirikisho ya Marekani bila wakili: hatua kwa hatua

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maswali ni yale yale kila mara, na yanatoka kwa familia za wasema Kiswahili waliohamia Marekani, wengi wao Wakongomani waliopitia makambi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki. Ndugu yetu amefungwa na jimbo, rufaa imekataliwa, wakili aliyepewa na mahakama ameshamaliza kazi yake, sasa tufanye nini? Jibu refu liko hapa chini. Jibu fupi ni kwamba kabla ya kufikiria hoja yoyote, hesabuni siku, kwa maana maombi mengi yenye hoja nzuri hutupwa bila hoja hizo kusomwa, kwa sababu tu muda umepita.

Ninazungumza na mfungwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye mleta maombi na ndiye anayetia sahihi. Ndugu zake wasome pamoja naye, maana kazi ya kutafuta nakala na kupiga simu kwa makarani mara nyingi huwaangukia wao. Kama unaweza kumpata wakili au shirika la msaada wa kisheria, hata kwa ushauri wa saa moja, mtafute kwanza. Lakini usiache siku zipite ukimngojea, kwa sababu tangu kesi ya Pennsylvania dhidi ya Finley ya mwaka 1987 imekuwa wazi kwamba, baada ya rufaa ya kwanza, Katiba haimhakikishii mfungwa wakili wa kushambulia hukumu yake.

Ombi lenyewe linatokana na kifungu cha 2254 cha sura ya 28 ya sheria za Marekani. Unamwomba jaji wa shirikisho aamue kwamba kufungwa kwako na jimbo kunavunja Katiba ya Marekani. Hii si rufaa nyingine: jaji huyo hasikilizi kesi upya, na hawezi kukuachilia kwa sababu tu angeamua tofauti na majaji wa jimbo. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliibana njia hii kwa sheria kali, na masharti mengi utakayoyaona hapa yametokana na sheria hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kujaza fomu ukiwa mikono mitupu. Kusanya kwanza:

- hukumu na adhabu, yenye tarehe;
- uamuzi wa kila mahakama ya jimbo iliyogusa kesi yako, pamoja na hoja ulizoandika wewe au wakili wako katika kila ngazi;
- mwenendo wa kesi, yaani maneno yaliyosemwa mahakamani na kuchapwa neno kwa neno. Kama huna, mwandikie wakili wako wa zamani umwombe jalada lako, na uhifadhi nakala ya barua hiyo;
- fomu AO 241, ambayo ndiyo fomu ya ombi. Karani wa mahakama ya shirikisho anatakiwa kuitoa bure, na baadhi ya mahakama zina fomu zao zinazofanana nayo;
- dola 5 za ada, au fomu ya kuomba kusamehewa ada, ambayo huambatana na cheti cha gereza kinachoonyesha fedha zilizo kwenye akaunti yako;
- daftari la tarehe. Kila barua iliyotoka na kila iliyoingia iandikwe humo siku hiyo hiyo.

Bahasha msizitupe. Mama mmoja alinifungulia mfuko wa plastiki uliojaa barua za mahakama alizotumiwa na mwanawe, zimekunjwa vizuri kabisa, lakini bahasha zote alikuwa ameziwashia jiko. Mhuri wa posta uliokuwa kwenye bahasha moja ndio ungeonyesha siku ambayo uamuzi ulimfikia kijana gerezani, na tulihangaika wiki tatu kutafuta ushahidi mwingine wa siku hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha hii ndiyo njia yako. Ni lazima uwe chini ya ulinzi kwa hukumu ya mahakama ya jimbo unayoipinga. Aliye nje kwa parole, yaani aliyeachiliwa kwa masharti kabla adhabu yake haijaisha, bado anahesabiwa kuwa chini ya ulinzi, lakini aliyemaliza adhabu yote kwa kawaida amekwisha kuchelewa, hata kama hukumu hiyo inamletea madhara mengine. Ni lazima pia ulalamikie uvunjaji wa Katiba au sheria ya shirikisho. Kosa la sheria ya jimbo peke yake halitoshi. Malalamiko kuhusu chakula, matibabu au kipigo gerezani yana kesi ya aina nyingine. Na kama unalalamikia polisi kukupekua kinyume cha sheria, fahamu kwamba tangu kesi ya Stone dhidi ya Powell ya mwaka 1976 hoja hiyo haisikilizwi hapa ikiwa jimbo lilikupa nafasi kamili na ya haki ya kuitoa huko.

   Kwa wahamiaji, hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyekiri kosa bila wakili kumweleza kwamba kukiri huko kungemfukuzisha nchini anaweza kuwa na hoja, kwa sababu katika Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake juu ya hatari hiyo. Lakini hoja hiyo inahitaji mtu ambaye bado anatumikia adhabu ya jimbo au yuko kwenye parole yake. Akishamaliza adhabu na kuchukuliwa na idara ya uhamiaji, kizuizi cha uhamiaji hakihesabiwi kuwa ulinzi wa hukumu ya jimbo. Nimeona watu wakingoja mpaka siku ya kukabidhiwa kwa maofisa wa uhamiaji ndipo wakaanza kuuliza, na wakati huo mlango huu unakuwa umefungwa.

2. Hesabu mwaka wako. Unao mwaka mmoja. Kwa kawaida unaanza siku hukumu inapokuwa ya mwisho, na siku hiyo siyo ile uliyohukumiwa. Kama ulifika hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, hukumu inakuwa ya mwisho siku 90 baada ya mahakama hiyo kukukatalia, kwa sababu hizo ndizo siku ulizokuwa nazo za kuiomba Mahakama ya Juu ya Marekani iisikilize kesi yako. Kama uliiomba, unahesabu tangu siku iliyokukatalia. Kama hukufika kwenye mahakama ya juu ya jimbo, siku hizo 90 huzipati: hukumu inakuwa ya mwisho siku muda wako wa kwenda huko ulipokwisha.

   Mwaka huo husimama wakati ombi lako la kupinga hukumu, lile linalofuata baada ya rufaa, liko mbele ya mahakama za jimbo, mradi lilipelekwa kwa utaratibu na ndani ya muda wa jimbo. Kusimama si kuanza upya, na hapa ndipo wengi wanapoanguka.

   Tufanye hesabu ya mfano. Mahakama ya juu ya jimbo inakataa rufaa tarehe 12 Machi 2024. Siku 90 zinaishia tarehe 10 Juni 2024, na mwaka unaanza kukimbia. Mfungwa anakaa hadi tarehe 10 Desemba 2024 ndipo anapeleka ombi lake jimboni: siku 183 zimekwisha kuliwa, zimebaki 182. Ombi linapita ngazi zote na kukataliwa na mahakama ya juu ya jimbo tarehe 1 Oktoba 2025. Saa inaendelea kutoka pale ilipoachia, na siku ya mwisho ni tarehe 1 Aprili 2026. Anayedhani kwamba alipata mwaka mzima kuanzia Oktoba 2025 atapeleka ombi lake miezi sita baada ya mlango kufungwa. Na kama baada ya Oktoba ataandika tena kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu ombi hilo la jimboni, maandishi hayo hayasimamishi saa. Hilo liliamuliwa katika Lawrence dhidi ya Florida mwaka 2007.

   Fanya hesabu hii kwenye karatasi, mpe mtu mwingine aikague, kisha ujiwekee siku yako ya mwisho mwezi mzima kabla ya ile ya sheria. Zipo njia nyingine ambazo mwaka unaweza kuanzia, kwa mfano siku ambayo ushahidi uliofichwa ungeweza kugunduliwa na mtu anayejitahidi ipasavyo, lakini usijenge nyumba juu ya njia hizo kama ile ya kawaida bado iko wazi.

3. Pitisha kila hoja kwenye mahakama za jimbo kwanza. Jaji wa shirikisho hapokei hoja ambayo jimbo halikupewa nafasi ya kuisikiliza hadi ngazi ya juu, hata kama mahakama ya juu ya jimbo huchagua yenyewe kesi za kusikiliza. Tena si hadithi tu inayotakiwa kupita: ni lazima uwe umeliambia jimbo kwamba Katiba ya Marekani imevunjwa. Aliyeandika jimboni kwamba kesi haikuwa ya haki, bila kutaja haki ya Katiba, huenda akaambiwa hoja hiyo ni mpya.

   Chora jedwali la safu tatu: hoja, mahakama ulizoipeleka, na ukurasa wa hati unaothibitisha hivyo. Hoja isiyojaza safu ya tatu ina tatizo, na tatizo hilo linashughulikiwa sasa, kabla ya kutuma.

4. Chagua mahakama na mjibu maombi. Unapeleka katika mahakama ya wilaya ya shirikisho. Kama jimbo lako lina wilaya zaidi ya moja, unaweza kupeleka ile inayohusu mahakama iliyokuhukumu au ile inayohusu gereza ulilomo. Mjibu maombi ni ofisa anayekushikilia, kwa kawaida mkuu wa gereza. Si jaji aliyekuhukumu, wala mwendesha mashtaka, wala polisi.

5. Andika hoja kwa ukweli wa mambo, si kwa hasira. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Fomu inakutaka utaje kila hoja na ukweli unaoibeba. Watu huandika hivi:

   «Wakili wangu alikuwa mzembe na hakunitetea, nilionewa kwa sababu mimi ni mgeni.»

   Huenda kila neno hapo ni kweli, lakini jaji hana cha kushika. Linganisha na haya:

   «Upande wa mashtaka ulisema nilikuwa eneo la tukio saa tatu usiku. Saa hiyo nilikuwa kazini kiwandani. Kabla ya kesi nilimpa wakili jina na namba ya simu ya msimamizi wangu wa zamu, nikamweleza kwamba kadi yangu ya kuingilia kazini inaonyesha nilitoka saa tano. Wakili hakumpigia simu na hakuiomba kadi. Hati ya kiapo ya msimamizi, ambayo pia ilikuwa mbele ya mahakama ya jimbo, ni kiambatisho cha 3.»

   Maelezo ya pili yanajibu maswali mawili yaliyowekwa na kesi ya Strickland dhidi ya Washington ya mwaka 1984: wakili alifanya kosa gani ambalo wakili mwenye uwezo wa kawaida asingelifanya, na je, kuna uwezekano wa maana kwamba bila kosa hilo matokeo yangekuwa tofauti? Kila hoja ina maswali yake ya namna hiyo. Anayesema mwendesha mashtaka alificha ushahidi atafute masharti ya Brady dhidi ya Maryland ya mwaka 1963, na anayesema ushahidi haukutosha asome Jackson dhidi ya Virginia ya mwaka 1979. Kompyuta au vitabu vya maktaba ya gereza vina kesi hizi.

   Kisha ongeza aya moja ambayo wanaoanza huisahau: kwa nini uamuzi wa mahakama ya jimbo ulikuwa zaidi ya makosa. Sheria ya 1996 inamtaka jaji wa shirikisho auache uamuzi huo usimame, isipokuwa uwe kinyume cha sheria iliyokwisha kuwekwa wazi na Mahakama ya Juu ya Marekani, au uliitumia sheria hiyo kwa namna isiyo ya busara, au ulisimama juu ya ukweli uliopimwa isivyo busara kwa kuangalia ushahidi uliokuwa mbele yake. Nukuu sentensi ya mahakama ya jimbo, kisha onyesha ukurasa wa mwenendo wa kesi unaoikanusha. Jaji kwa kawaida ataangalia ushahidi ule tu uliokuwa mbele ya mahakama ya jimbo. Karatasi mpya iliyoletwa sasa mara nyingi haitasomwa.

   Weka hoja zako zote humu. Ombi la pili juu ya hukumu ile ile linahitaji ruhusa ya mahakama ya rufaa ya shirikisho, na ruhusa hiyo hupatikana kwa nadra sana.

6. Kamilisha, tia sahihi, toa nakala. Andika kwa Kiingereza. Hati ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri pamoja na maelezo ya aliyeitafsiri. Mwandiko wa mkono unakubalika mradi unasomeka. Utatia sahihi ukitamka kwamba yaliyomo ni kweli na kwamba unajua uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo usikubali kutia sahihi ukurasa ambao hukuuelewa. Kanuni zinataka ombi halisi na nakala mbili. Nakala ya nne ibaki kwako, na ya tano, kama fedha zinatosha, iende kwa ndugu nje.

7. Tuma kupitia utaratibu wa barua za kisheria wa gereza. Mfungwa anahesabiwa kuwa amewasilisha ombi siku aliyoliweka mikononi mwa gereza, si siku lilipomfikia karani. Kanuni hii inatokana na Houston dhidi ya Lack, mwaka 1988. Mfungwa wa Tennessee, bila wakili, alikabidhi taarifa yake ya rufaa kwa maofisa wa gereza siku tatu kabla ya muda kwisha, nayo ikagongwa mhuri na karani siku moja baada ya muda. Kilichomwokoa ni kitabu cha gereza cha barua zinazotoka, ambamo tarehe ilikuwa imeandikwa. Nawe hakikisha tarehe yako imeandikwa. Kama gereza lina utaratibu wa barua za kisheria, ni lazima uutumie. Ambatanisha tamko lenye sahihi linalosema ni siku gani ulikabidhi bahasha na kwamba stempu imelipwa. Ndugu akituma yeye kutoka nje, kanuni hii haikulindi.

8. Baada ya kutuma, usilale. Jaji husoma ombi kwanza peke yake, na anaweza kulitupa bila kumwita mtu ikiwa ni dhahiri halina msingi. Likipita, ataiamuru ofisi ya jimbo ijibu, nawe utaweza kujibu majibu yao katika muda utakaowekwa. Mara nyingi hakimu anayemsaidia jaji huandika mapendekezo kwanza. Yakiwa dhidi yako, una siku 14 za kuyapinga kwa maandishi, pendekezo kwa pendekezo. Ukikaa kimya, unaweza kupoteza hata haki ya kuyalalamikia kwenye rufaa.

9. Ukikataliwa. Una siku 30 za kuwasilisha taarifa ya rufaa, lakini taarifa peke yake haikupeleki mbali. Unahitaji kibali cha kukata rufaa, na ili ukipate ni lazima uonyeshe kwamba majaji wenye busara wanaweza kubishana juu ya uamuzi huo. Huhitaji kuonyesha kwamba utashinda. Jaji wa wilaya akikunyima kibali, kiombe kwa mahakama ya rufaa.

Mambo yakikwama

*Baadhi ya hoja hazijapita jimboni.* Ombi lenye mchanganyiko huo linaweza kutupwa lote. Unaweza kuziondoa hoja hizo, au kumwomba jaji alisimamishe ombi wakati unarudi jimboni, ukionyesha sababu nzuri ya kutozipeleka mapema na kwamba hoja zina uzito. Usirudi jimboni ukidhani ombi lililoko shirikisho linasimamisha saa, halisimamishi.

*Muda umepita.* Mahakama inaweza kuuongeza ikiwa ulijitahidi na jambo lisilo la kawaida likakuzuia. Kutojua sheria au kutojua Kiingereza peke yake mara nyingi hakutoshi. Andika ulimwomba nani tafsiri, lini, na alikujibu nini. Pia mtu mwenye ushahidi mpya na wenye nguvu kwamba hakutenda kosa anaweza kupita licha ya kuchelewa, kwa mujibu wa McQuiggin dhidi ya Perkins ya mwaka 2013, ingawa kizingiti chake ni kirefu.

*Umehamishiwa gereza jingine.* Mwandikie karani siku hiyo hiyo ukitaja namba ya kesi. Amri ya jaji iliyokwenda kwenye anwani ya zamani inahesabiwa kuwa imetolewa.

*Hujui kuandika Kiingereza.* Mfungwa mwenzako anaweza kukuandikia. Tangu Johnson dhidi ya Avery ya mwaka 1969, gereza haliwezi kuzuia wafungwa kusaidiana hivyo kama halitoi msaada mwingine unaofaa. Lakini mweleze wewe mambo yako, kisha mtu mwingine akusomee alichokiandika. Niliwahi kusomewa ombi ambalo nusu ya habari zake zilikuwa za kesi ya mtu mwingine, zimenakiliwa kama zilivyo, na mwenye ombi alikuwa ameshatia sahihi.

*Ndugu anataka kukusimamia mahakamani.* Asiye wakili hawezi kukuwakilisha. Anaweza kupeleka ombi kwa niaba yako pale tu ambapo wewe mwenyewe huwezi, kwa mfano kwa ugonjwa wa akili, na ni lazima athibitishe hilo. Msaada wake mkubwa uko kwenye nakala, tarehe na stempu. Kwenye simu ya gereza msizungumze mambo ya tukio lenyewe, kwa kuwa simu hizo kwa kawaida hurekodiwa. Taarifa kama hizo ziandikwe kwa barua kwenda kwa wakili, kama yupo.

*Karani hajibu.* Subiri wiki chache, kisha andika barua fupi ya kuuliza namba ya kesi yako na kama ombi limepokelewa, ukiambatanisha nakala ya tamko lako la siku ya kutuma. Karani hatakupa ushauri wa kisheria, kwa hiyo usimuulize hoja ipi ni nzuri. Muulize tarehe, namba na fomu.